Mkataba Utangulie Mvua

Leo nataka tuzungumzie kazi ambazo Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa hulipia kila mwaka ili mji uendelee kukalika: kuzibua mifereji, kuziba mashimo ya barabara, kufyeka majani kando ya barabara, kuzoa taka, kufanya usafi wa masoko na stendi, kukarabati madarasa na vyoo vya shule, kubadilisha taa za barabarani zilizokufa. Kazi hizi zipo. Fedha zake hupangwa kwenye bajeti. Sheria ya nchi inasema wazi kwamba sehemu yake ni ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Hata hivyo wengi wetu tunazisikia zikishapita. Na hoja yangu ya leo ni hiyo hiyo: kinachotunyima kazi hizi, na kinachoharibu hata zile tunazopata, ni kuchelewa. Sisi tunachelewa kujiandaa, mikataba inachelewa kusainiwa, na malipo yanachelewa kutoka.

Tuanze na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini mvua ni msimu mmoja tu. Zinaanza Novemba, miaka mingine Desemba, na hazikatiki mpaka Aprili au Mei. Piga hesabu mwenyewe. Kuanzia Julai hadi mwisho wa Oktoba tuna miezi minne mikavu. Ndiyo miezi ambayo kifusi kinachimbika, zege linashika vizuri na tipa linafika mtaani bila kunasa. Mkataba wa kuzibua mfereji ukisainiwa Agosti, mvua ya kwanza inakuta njia ya maji iko wazi. Ukisainiwa Januari, kikundi kinaingia kwenye tope la magotini, kinatoa mchanga leo na mvua inaurudisha usiku. Mkaguzi akija baada ya wiki moja anaona mfereji umejaa, kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Fedha imetumika, watu wamechoka, mji haujapata faida.

Na miji yetu hii haina mchezo na maji. Mbeya imekaa chini ya milima. Maji yanayoteremka kutoka upande wa Loleza yanapita katikati ya makazi ya watu kabla hayajafika mtoni. Iringa mjini iko juu ya kilima, na kila tone linalodondoka Gangilonga au Mlandege linatafuta njia ya kushuka kuelekea Ipogoro, kwenye Mto Ruaha Mdogo. Pita siku moja kwenye mfereji wa mtaa wako kabla ya mvua, uinamie, utazame kilichomo. Chini kuna mchanga uliogandamana, juu yake chupa za plastiki, maganda ya ndizi, viroba, pengine na tairi la bajaji. Kwenye kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, tundu limebaki robo. Mvua kubwa ikija, maji hayasubiri. Yanapanda barabarani, yanakwangua kokoto, yanachimba pembeni mwa lami, na msimu ukiisha hiyo barabara inahitaji kujengwa upya kwa fedha nyingi kuliko zile za kuzibua. Wazee walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo anayezibua mfereji Septemba anaiokolea halmashauri fedha, na anastahili kulipwa kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Sasa kazi hizi zinatoka kwa nani? Hapa wengi wanapotea, wanakwenda ofisi isiyohusika, wanazungushwa wiki mbili, wanakata tamaa. Nisikilize kwa makini. Barabara za mitaa, pamoja na mifereji na madaraja madogo yake, tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Barabara kuu, kama ile inayotoka Iringa kupita Makambako hadi Mbeya na Tunduma, ni ya TANROADS. Masoko, stendi, taka, shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya ni vya halmashauri yenyewe. Halmashauri ya Jiji kwa Mbeya, Halmashauri ya Manispaa kwa Iringa. Mitaro ya mabomba na majitaka iko kwa mamlaka za maji, na Iringa hiyo ni IRUWASA. Kila moja ya taasisi hizi ina bajeti yake, ina mpango wake wa ununuzi wa mwaka, na ina zabuni zake. Ukijua mlango, umepunguza nusu ya safari.

Mlango wa kuombea zabuni zao siku hizi ni mmoja kwa wote. Zamani zabuni ilitangazwa gazetini au kwenye ubao wa matangazo, unakwenda kununua nyaraka, unajaza kwa mkono, unafunga bahasha, unaipeleka kwenye sanduku la zabuni kabla ya saa nne asubuhi. Aliye Isanga au Mtwivila bila nauli na bila mtu wa kumpa taarifa, hilo tangazo halikumfikia. Tangu Julai 2023 serikali imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma unaoitwa NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Mpango wa ununuzi unaonekana humo, tangazo linatoka humo, maombi yanaingia humo, na mshindi anatangazwa humo. Kisha ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024 pamoja na kanuni zake. Sheria hii imeendeleza lile takwa la kila taasisi ya umma kutenga asilimia 30 ya thamani ya manunuzi yake ya mwaka kwa ajili ya makundi maalum. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: asilimia 30, kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Najua kuna mama ananisikiliza na anasema, mwanangu, mimi simu yangu ni ya tochi, huo mfumo nitauingia vipi? Mama, swali lako ni la haki kabisa. Anza na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Yeye ndiye anayewaongoza kusajili kikundi, na halmashauri ndiyo inayokitambulisha kikundi cha makundi maalum ili kiingizwe kwenye mfumo. Mtahitaji katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, vitambulisho vya taifa vya viongozi, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, namba ya mlipakodi kutoka TRA, na leseni pale kazi inapoidai. Humo kikundini hamkosi kijana mwenye simu janja. Mpeni jukumu hilo rasmi, awe anafungua mfumo kila siku asubuhi, na mtu wa pili awe anajua anachofanya, ili nywila isibaki kichwani mwa mtu mmoja. Lakini yote haya yafanyeni kabla ya Julai. Kusajili kikundi kunachukua muda; namba hii inasubiri ile, sahihi hii inasubiri mtu aliye safarini. Kikundi kinachoanza kuhangaika baada ya kuona tangazo kimeshachelewa, kwa sababu kwa kazi ndogo muda wa kuomba huwa ni siku chache.

Kuna njia nyingine ya fundi wa kawaida, fundi uashi au seremala asiye na kampuni. Shule nyingi na zahanati zetu zimejengwa na kukarabatiwa kwa utaratibu ambao sote tunauita fosi akaunti. Kamati za pale pale mtaani zinasimamia, vifaa vinanunuliwa na taasisi, na fundi anasaini mkataba wa ufundi peke yake. Kwa fundi wa Ilomba au Kitwiru hii ni nafasi kubwa, kwa sababu hadaiwi mtaji wa saruji na mabati. Na kwa yule anayetaka kukua zaidi, awe mkandarasi kamili wa majengo au barabara, lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Madaraja ya huko kwa majengo na kazi za barabara ni saba, na wengi huanzia la saba. Bodi hiyo ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Uliza habari za mfuko huo mapema, kabla hujashinda zabuni na kukwama benki.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo vikundi vingi vinapoumia. Nitatoa mfano, na wewe chukua kalamu. Tuseme kazi ni kuzibua mfereji wa mita 800 na kuzoa kifusi chake. Kikundi kina watu 10, kazi inachukua siku 12, kila mtu analipwa shilingi 15,000 kwa siku. Hiyo ni 1,800,000. Tipa la kuzoa kifusi, safari 6 kwa 80,000 kila moja, ni 480,000. Makoleo, toroli, buti na glovu, 300,000. Maji ya kunywa, chai, na nauli za kufuatilia, 120,000. Jumla ni shilingi 2,700,000, na hapo kikundi hakijapata hata senti moja ya faida. Vikundi vingi vikiona hivyo vinajaza 2,700,000, vingine vinashuka hadi 2,400,000 ili vishinde. Kisha wakati wa malipo inakatwa kodi ya zuio, ambayo kwa huduma ni asilimia 5. Kwa 2,700,000 hiyo ni 135,000. Umefanya kazi siku 12 na kilichoingia ni 2,565,000, chini ya ulichotumia. Ukijaza 3,200,000, zuio ni 160,000, unabaki na 3,040,000, na kikundi kina akiba ya 340,000 ya kununulia toroli la pili. Ndugu yangu, bei ya chini kupita kiasi inakudhuru wewe na inaudhuru mji. Anayeshinda kwa bei isiyotosha ataishia katikati, au atasogeza mchanga kutoka ndani ya mfereji na kuuweka ukingoni, na mvua itaurudisha ndani.

Hata ukiweka bei ya kweli, kuna swali la mtaji. Vibarua wanataka hela jioni, mwenye tipa anataka hela kabla ya kuwasha gari, na halmashauri inalipa baada ya kazi kukaguliwa. Pengo hilo linaweza kuzibwa na mkopo ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hauna riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Kwa maoni yangu hakuna matumizi mazuri ya mkopo huo kama kuutumia kutekeleza mkataba wa halmashauri ile ile. Halmashauri inajua kazi ipo, inajua malipo yatatoka wapi, na kikundi kinajua kitarejesha kwa fedha gani. Maafisa wa maendeleo ya jamii na maafisa ununuzi wakikaa meza moja, mkopo na mkataba vinaweza kutoka pamoja. Nawaomba sana wakae.

Lakini mkopo huo una sharti moja: malipo yaje kwa wakati. Hapa nataka kusema bila kuficha. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikionyesha, mwaka baada ya mwaka, jinsi kuchelewa kuwalipa makandarasi kunavyozaa riba ambayo mwishowe inabebwa na mlipakodi. Kampuni kubwa inaweza kudai riba hiyo mahakamani. Kikundi cha akina mama wanane wa usafi hakiwezi. Chenyewe kikicheleweshewa miezi minne, wanachama wanagombana, mweka hazina anashukiwa, tipa linadai, na mwaka unaofuata hakuna anayetaka kusikia neno zabuni. Wenzetu wa Kenya walitangulia kidogo katika jambo hili. Tangu mwaka 2013 nao walitenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sera hiyo imefungua milango kwa wengi, na kilio kikubwa kilichosikika humo ni hicho hicho cha madeni ya serikali na ya kaunti yasiyolipwa kwa muda mrefu. Tuna nafasi ya kujifunza kwao kabla vikundi vyetu havijavunjika.

Kwa upande wetu, tusiwape sababu. Malipo mengine hukwama kwa sababu faili letu lina upungufu. Andika kila siku nani alikuja kazini na mita ngapi zimekamilika. Piga picha mahali pale pale, kabla ya kazi na baada ya kazi. Omba ukaguzi kwa barua, siku ile ile kazi inapokwisha, na utunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Toa risiti inayotakiwa. Na ukiona umeonewa katika zabuni, usiishie kulalamika kwenye kijiwe cha kahawa. Sheria inakuruhusu kulalamika kwa Afisa Masuuli, ambaye kwenye halmashauri ni Mkurugenzi, na usiporidhika ukate rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Muda wa kufanya hivyo ni siku chache za kazi, kwa hiyo hata katika kudai haki kuchelewa kunakuangusha.

Kuna ugonjwa mmoja ambao lazima niutaje, nao ni kuazimisha jina. Mtu mwenye fedha anakifuata kikundi cha vijana au cha watu wenye ulemavu, anatumia usajili wao kushinda zabuni iliyotengwa kwa ajili yao, anafanya kazi kwa watu wake, na kikundi kinapewa laki moja ya soda. Siku kazi ikiharibika, jina linalofungiwa ni la kikundi. Vijana wangu, msikubali. Hiyo laki ni bei ndogo mno kwa jina ambalo lingewaletea kazi miaka kumi. Na wanaoshawishi mchezo huo wajue kwamba TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ina ofisi Mbeya na Iringa.

Ujuzi nao upo karibu kuliko tunavyodhani. Mbeya ina chuo cha teknolojia stahiki ya barabara, kile tulichokijua kwa jina la ATTI na ambacho sasa ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Ujenzi. Kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kufundisha ujenzi na matengenezo ya barabara kwa nguvu kazi: jinsi ya kupima mteremko wa mfereji kwa kamba na vigingi, kushindilia changarawe, kujenga kalavati kwa mawe ya hapa hapa. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kuna vyuo vya VETA Mbeya na Iringa. Na mkoani Iringa, mradi wa barabara wa RISE unaotekelezwa na TARURA umeweka wazo la vikundi vya wananchi kufanya matengenezo ya kawaida ya barabara ndani ya mpango wake. Kikundi cha wakazi wanaopita barabara hiyo kila siku kinaona ufa ukiwa mdogo, kinajua ni kalavati gani huziba kwanza, na kina sababu ya kufanya kazi vizuri. Manispaa na Jiji waone hapo mfano wa kufuata kwa mifereji ya mitaa, kata kwa kata, kwa mikataba ya mwaka mzima badala ya ya dharura.

Tusisahau kwamba haya ni mambo ya uhai wa watu. Aprili 2024 tulishuhudia tope likishuka kutoka Mlima Kawetele, pale Itezi jijini Mbeya, likafukia nyumba za watu na kufika shuleni. Mfereji hauzuii mlima kuporomoka. Lakini mvua zile zile zinazotisha milimani ndizo zinazoingia kwenye vyumba vya watu wa mabondeni kila mwaka kwa sababu tu kalavati limeziba, na hilo liko ndani ya uwezo wetu.

Kwa hiyo, msikilizaji, maombi yangu ya leo ni matatu, na yote yana tarehe. Vikundi na mafundi: usajili wenu uwe umekamilika ifikapo mwisho wa Juni, na mwombe kuoneshwa mpango wa ununuzi wa halmashauri na wa TARURA mara unapotoka. Wakurugenzi wa Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa, na mameneja wa TARURA: kazi zote za mifereji na makalavati zitangazwe Julai, zisainiwe Agosti, zikaguliwe kabla ya Novemba, na kikundi kilichomaliza kazi kilipwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba wake. Madiwani wetu: kila kikao cha robo mwaka mdai taarifa yenye mistari miwili, ya kwanza ikionyesha ile asilimia 30 imefikia wapi, ya pili ikionyesha nani amemaliza kazi na bado anadai, tangu lini. Na wewe mwananchi una haki ya kuhudhuria vikao vya baraza la madiwani. Nenda kasikilize kama hiyo mistari miwili inasomwa. Isiposomwa, kamuulize diwani wako siku hiyo hiyo.